Kigari cha Njia Yetu

Kila asubuhi Mwanamisi alikuwa wa pili kuamka. Wa kwanza alikuwa mama yake, Zakia. Kabla Mwanamisi hajatoka kitandani, alikuwa ameshasikia cherehani ikinguruma chumba cha mbele. Baridi ya Lushoto haimwonei huruma mtu aliyetoka kwenye blanketi, kwa hiyo alijifunga kanga mabegani, akawasha moto na kuteleka chai. Chai ikiwa tayari, alimpokea mdogo wake, Faraji, kutoka mgongoni kwa mama, ili mama anywe akiwa amenyoosha mgongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelala salama?"

"Salama. Leo sare ngapi?"

"Nyingi tu. Shule zinakaribia kufunguliwa, kila mzazi anataka ya kwake iwe ya kwanza."

Mama alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Alikaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni. Baba, mzee Bakari, alifanya kazi ya kupasua mbao huko Shume, na alirudi nyumbani Ijumaa jioni. Nyumba yenyewe walikuwa wamehamia baada ya Idi. Ilikuwa juu ya mji, upande wa njia ya kwenda Irente, na Mwanamisi aliipenda kwa sababu ilikuwa na chumba chake mwenyewe. Kitu ambacho hakukipenda ni njia ya kuifikia. Kutoka mlangoni mpaka barabarani palikuwa na mawe na mizizi ya miti, na hiyo barabara nayo ilikuwa ya udongo mwekundu, yenye makorongo yaliyochimbwa na mvua. Wenzake wengi darasa la sita waliishi kule chini, karibu na lami. Wakimuuliza anakaa wapi, alijibu, "Huku juu tu," halafu akaanzisha mazungumzo mengine.

Tangu Faraji azaliwe, mama alikuwa na presha. Alimeza dawa zake bila kukosa, lakini bado haikushuka ilivyotakiwa. Siku moja muuguzi wa zahanati, dada Beatha, alifungua mkanda wa presha mkononi mwa mama na kuvuta kiti karibu.

"Mama Mwanamisi, dawa endelea nazo kama kawaida. Ila mwili wako nao unahitaji kazi. Kukaa kwenye cherehani siku nzima hakukusaidii. Anza kutembea kwa haraka, halafu taratibu uingie kwenye mchakamchaka. Nusu saa kila asubuhi inatosha."

"Na huyu nimwache na nani?" mama aliuliza, akimtazama Faraji. "Dada yake yuko shule, baba yake yuko Shume."

"Usikimbie naye mgongoni. Utajiumiza kiuno, naye atatikisika. Tafuta kigari cha kumsukuma. Ana miezi tisa sasa, shingo imekaza na anakaa mwenyewe vizuri. Anza polepole."

Bahati nzuri mama alikuwa na kaka yake, Ibrahimu, aliyeuza vitu vilivyotumika pale Mombo, kando ya barabara kuu. Dukani kwake kulikuwa na baiskeli, vitanda vya watoto, viti na vigari. Aliposikia habari ya presha, alipiga simu siku hiyohiyo.

"Dada, kigari ni zawadi yangu kwa mpwa wangu. Ninavyo vitatu. Ila vigari havifanani. Kinachomfaa mtu wa kutembea dukani hakimfai mtu wa kukimbia mlimani. Hapo mlipohamia sijafika, kwa hiyo niandikie. Njia yenu ikoje? Utakimbia au utatembea tu? Mlango na geti vina upana gani? Nijibuni nami nitawachagulia kinachofaa."

Mama alimkabidhi Mwanamisi simu. "Wewe ndiye unayejua kuandika vizuri. Pima, umjibu mjomba wako."

Picha tatu ziliingia. Mwanamisi aliziangalia, na moyo wake ukashikwa na ya kwanza. Kilikuwa kigari cha buluu kinachong'aa, chenye kivuli cha maua na magurudumu manne madogo kama ya sanduku la safari. Cha pili kilikuwa cha kawaida. Cha tatu kilikuwa cha kijivu, kitambaa kimepauka, na kilikuwa na magurudumu matatu makubwa kama ya baiskeli. Mwanamisi alikunja uso. Alijiona akipita sokoni Jumapili na kile cha buluu, wenzake wakigeuka kumtazama. Alijiona pia na kile cha kijivu, akatamani kujificha.

Alijua njia yao ikoje. Alijua pia kwamba mama ameambiwa akimbie. Lakini vidole vyake viliandika, "Shikamoo mjomba. Njia yetu ni lami mpaka mlangoni. Mama atatembea tu. Mlango ni mpana. Tunaona cha buluu kinatufaa." Hata rula hakuitoa kwenye mkoba. Akatuma.

Baada ya siku mbili kigari cha buluu kilipanda kutoka Mombo juu ya basi. Mama alikipangusa vumbi kwa upole kama anayepangusa kioo. Alimpigia kaka yake na kumshukuru kwa Kishambaa, "Hongea, hongea sana!" mpaka sauti ikamkatika. Mwanamisi alifurahi kwa siku hiyo moja.

Shida ilianza asubuhi iliyofuata. Kwenye mawe, magurudumu madogo yalikwama kila hatua. Mama alilazimika kukiinua kigari pamoja na mtoto mpaka barabarani, na alipofika alikuwa ameshachoka. Barabarani magurudumu ya mbele yalijizungukia yenyewe, mara kushoto, mara kulia. Faraji alitikisika mle ndani mpaka akaanza kulia. Hata hivyo mama hakukata tamaa. Alijaribu siku ya pili, na ya tatu.

Jumamosi Mwanamisi alitoka pamoja naye. Walipofika kwenye mteremko mama alianza kukimbia taratibu, huku akitabasamu. Ghafla gurudumu moja la mbele lilidumbukia kwenye korongo. Kigari kikasimama kwa kishindo na kulala ubavu, mama naye akaanguka juu yake.

"Faraji!" Mwanamisi alipiga kelele.

Mikanda ilikuwa imemshika mtoto vizuri. Alitoka na mchubuko mdogo shavuni, akilia kwa hofu zaidi kuliko maumivu. Goti la mama lilikuwa linatoka damu. Mama alimkumbatia mwanawe, akakaa pembeni ya barabara. Mwanamisi alikiinua kigari.

"Ni mimi," mama alisema. "Sijui kukisukuma. Kitu kizuri kama hiki, mimi nakiangusha."

Tangu siku hiyo kigari kilikaa kwenye kona ya chumba, kimefunikwa shuka. Mchakamchaka ukaisha. Mjomba alipopiga simu kuuliza hali, mama alijibu kwa uchangamfu, "Kigari kizuri sana kaka, Mungu akuzidishie." Alipokata simu alirudi kwenye cherehani bila kumtazama mtu. Maneno hayo ya shukrani yalimchoma Mwanamisi kuliko kama angegombezwa. Chai ilimshinda. Akienda kulala, aliona korongo lile na kigari kikianguka.

Siku ya kliniki ilipofika, Mwanamisi alimsindikiza mama kumbebea mtoto. Dada Beatha alisoma kipimo mara ya kwanza, akapima tena.

"Imepanda, mama. Mazoezi vipi?"

Mama aliinamisha kichwa. "Nimeshindwa dada. Kigari kizuri ninacho, kaka yangu alinipa kwa moyo mmoja. Mzembe ni mimi."

"Si mzembe!" Mwanamisi alisema kwa sauti, hata akina mama waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Mama si mzembe. Mimi nilimdanganya mjomba. Nilimwambia njia yetu ni lami. Nilimwambia utatembea tu. Nilikitaka cha buluu kwa sababu ni kizuri, na niliona aibu watu wajue njia yetu ilivyo. Sikupima chochote."

Mama alitoa simu kwenye mkoba wake na kumpa.

"Mpigie mjomba wako. Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

Ilikuwa simu ngumu kuliko zote alizowahi kupiga. Mjomba Ibrahimu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mtoto ameumia?" aliuliza.

"Alichubuka tu mjomba. Amepona."

"Na mama yako?"

"Goti. Na presha imepanda."

"Basi Jumapili nakuja. Hiyo rula yako iweke tayari. Safari hii tutapima mimi na wewe."

Jumapili saa tatu asubuhi mjomba alifika, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma. Alikuwa amekileta kile kigari cha kijivu. Mwanamisi alimwamkia akiwa ameinama, akingoja kugombezwa. Mjomba aliitikia, akampa daftari, akasema, "Twende."

Walishuka njia yote hatua kwa hatua. Mwanamisi alipima na kuandika upana wa njia mahali palipobana na kina cha makorongo. Safari hii aliandika mawe kuwa mawe. Waliporudi alipima geti, akalinganisha na kigari.

"Mjomba, hakipiti! Kimezidi vidole viwili."

"Umeona faida ya kupima? Geti linarekebishika. Shemeji!" Mzee Bakari, aliyekuwa nyumbani tangu Ijumaa, alichukua sururu, akakisogeza kiguzo cha pembeni ya geti, na kabla ya chakula cha mchana geti lilikuwa tayari.

Kisha mjomba aliwafundisha mama na Mwanamisi pamoja. Magurudumu yale makubwa ya upepo yalipanda juu ya mawe bila kukwama, na yakipata pancha fundi baiskeli yeyote wa Lushoto angeyaziba. Springi zilipunguza mtikisiko. Gurudumu la mbele lilikuwa na kifungo cha kulizuia lisizunguke wakati wa kukimbia. Kwenye mshikio palikuwa na breki ya mkono, na pia kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mkono.

"Kamba hii usiisahau hata siku moja," mjomba alimwambia dada yake. "Milima yenu ina miteremko. Ukijikwaa, kigari hakitakuacha. Na mikanda ya mtoto ni yote mitano, si miwili."

"Ubaya wake ni uzito," mama alisema akikinyanyua kidogo.

"Kweli, ni kizito, na hakikunjiki vizuri. Ungekuwa mtu wa kupanda basi nacho kila siku, nisingekupa. Lakini wewe unatoka mlangoni na kukimbia, unarudi mlangoni. Cha buluu narudi nacho. Kuna mama mmoja pale Mombo anayekaa kando ya lami, anatafuta cha kukunja. Kwake kitakuwa kizuri kweli."

Kesho yake asubuhi, jua likianza kugusa vilele, mama alitoka na Faraji. Mwanamisi aliwafuata mpaka barabarani kabla ya kwenda shule. Mama alivaa kamba mkononi, akatembea kwanza, kisha akaanza mchakamchaka. Kigari kiliruka juu ya mawe kwa utulivu, na Faraji alicheka kwa sauti kila kilipodunda. Watu waliokuwa wanapeleka kabichi na karoti sokoni walimpisha, wakimtakia heri. Mama aliinua mkono kuwasalimu, bila kupunguza mwendo.

Mwezi mmoja na nusu ulipita. Dada Beatha alifunga mkanda, akasoma, kisha akatabasamu.

"Imeshuka, mama Mwanamisi. Dawa usiache, na mbio usiache. Endelea hivihivi."

Mama alimshukuru muuguzi kwa mikono miwili. Wakiwa njiani kurudi, alisimama kupumzika, akamwita Mwanamisi karibu.

"Nimemshukuru Mungu, nimemshukuru mjomba wako na dada Beatha. Amebaki mtu mmoja, nawe ndiye huyo."

"Mimi mama? Mimi ndiye niliyeharibu."

"Uliharibu, ndiyo. Lakini ulisimama mbele ya watu ukasema ukweli, na bila ukweli huo mimi ningekuwa bado nimekaa kwenye kiti changu, najilaumu. Sikiliza mwanangu. Mtu akitaka kukusaidia, lazima ajue unavyoishi. Ukimwonyesha maisha usiyokuwa nayo, atakupa msaada wa maisha hayo, na yako yatabaki na shida yake. Hata kitu cha kununua ni hivyohivyo. Kabla ya kutazama rangi yake, tazama miguu yako inapita wapi. Njia yetu ina mawe, na haina aibu yoyote. Ndiyo inayotufikisha nyumbani."

"Nimekuelewa mama. Asante."

"Haya, shika kigari wewe sasa. Vaa kamba kwanza."

Mwanamisi alivaa kamba mkononi, akakagua mikanda yote mitano, akaanza kumsukuma mdogo wake kupanda mlima.