Kigoda cha Kunegunda

Kule Maposeni baridi ya Juni haina adabu. Asubuhi, kabla ya kwenda kuvuna mahindi, Bibi Kunegunda na mumewe, Mzee Pankrasi, walizoea kukaa jikoni, kila mtu na kigoda chake. Miguu kwenye moto, uji mkononi, na maneno hayaishi. Wamezeeka hivyo, wakitaniana.

Sasa Kunegunda amelazwa hospitalini mjini Songea. Ana kisukari, na kidonda kikubwa kwenye unyayo. Ni mara ya pili hii. Mara ya kwanza alipona, akaelezwa haraka haraka namna ya kutunza miguu. Kila neno aliitikia, "Ndiyo, sista." Hakuelewa hata kidogo! Lakini kwao, kumwambia mtu wa hospitali kwamba hujaelewa ni utovu wa heshima. Akarudi nyumbani, na kidonda kikarudi.

Leo daktari amesema wazi. Kidonda kikirudi tena, mguu huenda ukakatwa.

Kunegunda akageukia ukutani. Loo, alivyopatamani nyumbani! Alitamani moshi ule unaowasha macho. Alitamani hata kumsikia Pankrasi akilalamika kwamba uji umepoa. Machozi yakamtoka.

Nesi Zuhura, binti wa Nalasi kule Tunduru, akavuta kiti akaketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo niambie wewe. Nyumbani asubuhi unaanzaje?"

Kunegunda akafuta macho, akaeleza habari ya vigoda na moto. "Miguu yangu ina ganzi. Haisikii joto. Basi naisogeza karibu zaidi."

"Karibu kiasi gani?"

Akaonyesha kwa mkono. Zuhura akashika kichwa.

"Lahaula! Mama, umeungua. Kisukari kimeondoa hisia miguuni. Ngozi inaungua, na wewe huna habari."

Kunegunda akautazama mguu wake. Kumbe moto anaoulilia ndio uliomleta hapa.

"Kwa hiyo nisikae tena na mzee wangu?"

"Kaeni, mama. Ila mbali na moto, na uvae soksi na viatu. Hebu niambie, maji ya kumwogesha mtoto mchanga unayapimaje?"

"Kwa kiwiko."

"Na ya miguu yako pima hivyo hivyo. Je, mbegu za mahindi unazichaguaje?"

"Nazigeuza moja moja. Natafuta zilizotobolewa."

"Basi kila siku geuza miguu yako namna hiyo, hata katikati ya vidole. Ukiona lengelenge au mchubuko, usingoje, njoo hospitali. Haya, sasa nifundishe mimi."

"Ndiyo, sista."

"Aa! Ndiyo siitaki. Nionyeshe!"

Wakacheka wote wawili. Kunegunda akaonyesha, akasahau vidole. Zuhura hakumkaripia. Kesho yake akamwomba aonyeshe tena, na keshokutwa tena, mpaka akapatia kila kitu. Lakini unyayo wake hakuweza kuuona, magoti yamekaza. Pankrasi alipokuja kumwona, Zuhura akamwita karibu.

"Baba, utamkagua mama nyayo. Anza sasa."

"Mbele za watu? Nimshike mke wangu miguu?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mzee akaona haya, lakini akashika.

Kidonda kilipona, Kunegunda akaruhusiwa. Njiani walipita sokoni. Siku hizi mitumba imejaa kila kona, hawakukosa soksi nene na raba zisizobana.

Asubuhi yake, jikoni, kigoda cha Kunegunda kilikuwa kimesogezwa mpaka ukutani. Akakaa. Akautazama moto kwa mbali, na kigoda cha mumewe kilichobaki pale motoni. Roho ikamuuma. Amefika nyumbani, na bado anapatamani.

Pankrasi akainuka. Akabeba kigoda chake, akakiweka ukutani, kando ya mkewe.

"Na wewe?" Kunegunda akashangaa. "Miguu yako mizima. Kaa uote moto."

"Nikae kule niongee na kuni? Vua soksi, mama. Lete mguu nikague."