Mama Pasi na Kopo Lisilo na Lebo

Mama Pasi alikuwa amefika kwenye kola. Kola ya shati jeupe ndiyo inayompa dobi jina, zuri au baya, kwa hiyo hakuwa na haraka. Alinyunyiza maji kidogo kwa vidole. Alinyoosha ncha moja, kisha ya pili, halafu akashusha pasi. Mvuke ukapanda ukampiga usoni, naye akafumba macho. Siku hizi hata mvuke ulimwasha kama amepakwa pilipili.

Alisubiri mwasho upungue, kisha akaendelea na mikono ya shati.

Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita katika chumba hichohicho cha mbele, penye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu. Nyuma, uani, kulikuwa na kamba sita za kuanikia. Madoa aliyajua kwa sura: la kutu, la wino, la jasho, la chai. Mume wake, fundi seremala, alikuwa akiwaambia wateja kwamba mke wake akiona doa mwezini ataomba ngazi.

Alikuwa na taratibu zake. Kila nguo aliipindua kwanza akasoma lebo. Dawa ngeni aliijaribu kwenye pindo la ndani, mahali pasipoonekana, akasubiri nusu saa. Tena alikuwa na hili moja alilojivunia kuliko yote: nguo zilizofika leo hufuliwa leo na kuanikwa leo. Kapu lake halikuwahi kulala na nguo, hata kama jua la saa saba lilikuwa linapasua kichwa.

Kwa nguo za watu alikuwa mwangalifu kiasi hicho. Kwa ngozi yake mambo yalikuwa tofauti.

Alipofika miaka arobaini, alitokewa na mabaka mawili ya kahawia, moja kila shavu. Hayakuuma. Lakini Mama Pasi hakuzoea kuishi na doa. Alianza kwa sabuni ya kufulia na brashi laini. Mabaka yakabaki. Akapaka limao, akakaa nalo juani uani akianika nguo. Ngozi ikaungua, mabaka yakazidi. Siku nyingine alitia tone la dawa ya kung'arishia nguo katika maji ya kunawia. Mwishowe mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kikapu nyumba kwa nyumba akamuuzia kopo dogo la krimu nzito ya manjano.

Mwezi wa kwanza uso uling'aa kama kijiko kipya. Wateja walimsifu. Kisha akagundua kwamba akikaa siku mbili bila kupaka, uso unawasha na kuvimba. Basi akapaka tena, na kopo likiisha akanunua jingine. Hivyo ndivyo ilivyopita miaka kumi na miwili. Sasa ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba kama shati lililofuliwa hadi linaonyesha mwili. Mishipa midogo myekundu ilionekana. Yale mabaka ya kahawia yalikuwa yamegeuka rangi ya wino.

Hayo yote angeyavumilia. Alikwishajizoea kwenye kioo. Asichoweza kuvumilia kilikuwa kimekaa chumba cha pili, kimejifunga kitambaa usoni.

Binti yake alikuwa na miaka ishirini na tatu, mwalimu wa watoto wadogo, na nyumbani wote walimwita Mwalimu. Mwaka uliopita alitokwa na chunusi chache. Zingeondoka zenyewe. Lakini Mama Pasi alichovya kidole ndani ya kopo, akampaka mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Alimwambia apake kidogo tu, asubuhi na jioni.

Asubuhi hiyo Mwalimu alirudi kutoka shuleni mapema. Alisimulia huku akicheka kwamba mtoto mmoja alimshika shavu akamuuliza kama amemwagikiwa na chai. Darasa zima likainuka kuja kutazama. Alicheka vizuri, lakini kitambaa hakukivua, hata ndani ya nyumba. Mama Pasi alisikia kicheko kile, akarudi kwenye meza yake, akachukua shati jeupe.

Alikuwa anafunga vifungo vya shati wakati Sista alipoingia. Huyu alikuwa muuguzi wa kliniki ya ngozi, mteja wa miaka mingi. Alileta sare zake, na juu ya sare hizo sweta la bluu lenye baka jeupe begani.

“Nimelirushia dawa ya kung'arisha bila kukusudia,” alisema. “Nitolee hili doa, Mama Pasi.”

Mama Pasi aliligeuza mwangani mara moja tu.

“Hili silitoi, Sista. Hili si doa. Doa ni kitu kilichoingia kwenye nguo. Hapa rangi yenyewe imeondoka, na uzi umeliwa. Ukisugua utapata tundu.”

Ndipo Mwalimu akapita na ndoo ya maji kwenda uani. Kitambaa kilikuwa kimeteleza. Sista alimwangalia binti, kisha akamwangalia mama. Alilikunja sweta polepole, akauliza kwa sauti ya chini wanapaka nini.

Mama Pasi alitaka kusema hawapaki kitu. Badala yake aliingia ndani, akatoka na kopo. Sista aliligeuza juu, chini, na ubavuni.

“Lebo iko wapi?”

“Haina.”

“Wewe,” Sista alisema, bila ukali. “Wewe ambaye hujawahi kulowesha hata soksi yangu bila kusoma lebo.”

Mama Pasi aliketi kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hakuwa amekikalia miaka mingi. Alieleza kila kitu, kuanzia brashi mpaka tone la dawa ya nguo. Sista alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwamba krimu za namna ile mara nyingi huwa na dawa kali zinazopaswa kutolewa na daktari tu, kwa muda mfupi, na nyingine huwa na zebaki, ambayo hudhuru figo. Zinaondoa rangi na kuila ngozi. Ngozi iliyoliwa hivyo hupasuka upesi, hupona polepole, na huzeeka kabla ya wakati wake.

“Nilidhani natoa doa,” Mama Pasi alisema.

“Najua. Lakini yale ya mwanzo hayakuwa uchafu. Jua, uzazi na umri huleta mabaka. Wewe jua la mchana limekupiga miaka yote hii. Hata ngozi nyeusi huchoka na jua, isipokuwa huchelewa kusema.”

“Sasa nifanye nini? Nilitupe?”

Sista alitikisa kichwa. Brashi, limao na dawa ya nguo viishe leo hii, alisema, visiguse uso tena. Kuhusu krimu, wasikate wenyewe kwa kubahatisha. Mtu aliyeizoea akiiacha ghafla, uso unaweza kuvimba na kuwaka kuliko mwanzo, ndiyo maana wengi huirudia. Daktari atajua namna ya kuwaachisha. Waje kliniki kesho asubuhi, wote wawili, na kopo lao.

“Huyu binti atapona?” Mama Pasi aliuliza. Alikuwa ameshika ukingo wa blanketi la meza.

“Amepaka mwaka mmoja. Ngozi si nguo, Mama Pasi. Nguo ikiliwa, imeliwa. Ngozi hujishona yenyewe, kama haijachelewa na kama itaachwa ipumzike.”

“Na mimi?”

Sista aliinama, akayatazama mashavu yake kwa karibu. “Wewe tutaanza na kuzuia isizidi,” alisema.

Kesho yake walikwenda. Daktari alibaki na kopo. Aliwapa dawa hafifu ya kupunguza siku baada ya siku, na mafuta meupe ya kawaida yasiyo na manukato. Akawaonya kwamba wiki za mwanzo zitakuwa ngumu, na kama uso ukizidi kuvimba warudi wasisubiri.

Zilikuwa ngumu kweli. Wiki ya pili Mwalimu aliamka uso umejaa, macho yamekuwa kama matundu ya vifungo. Alikaa ukingoni mwa kitanda akimwomba mama yake amtafute yule mwanamke wa kikapu. Mara moja tu, alisema, aende kazini, kisha ataacha. Mama Pasi alijua mwanamke yule hupita barabara gani na saa ngapi. Alijua pia kwamba baada ya kupaka mara moja, uso ungetulia kufikia jioni. Miguu yake ilishafika mlangoni. Hapo akasimama.

“Hapana, mwanangu,” alisema.

“Si ulinipaka mwenyewe? Kwa mkono wako?”

Mume wake, aliyekuwa anafunga kamba za viatu sebuleni, aliinua kichwa akitaka kumkemea binti. Mama Pasi alimzuia kwa kiganja.

“Ndiyo,” alisema. “Ni mimi. Uso wako ulikuwa mzima, nikauharibu kwa mkono huu. Sitauharibu mara ya pili.”

Alichovya kitambaa safi katika maji baridi, akakikamua, akamwekea mwanawe mashavuni bila kusugua. Kisha wakarudi kliniki. Alikaa naye siku hiyo nzima. Nguo za watu zilibaki kapuni, na hakuna aliyekufa kwa kukosa shati.

Miezi ilipita. Sista alipoleta sare alikuwa akikagua na kufundisha kidogo kidogo. Siku moja alimkuta Mama Pasi akijifuta uso kwa taulo kama anayesugua sakafu. Alimwonyesha namna ya kugusisha taulo tu ili linywe maji, kisha kupaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Kadiri mtu anavyozeeka, alieleza, mafuta ya ngozi yenyewe hupungua. Kwa hiyo maji ya kuoga yawe ya vuguvugu, si ya moto, na sabuni iwe isiyo kali.

“Halafu nitang'aa?” Mama Pasi aliuliza, nusu mzaha.

“Ngozi inayong'aa si iliyobadilishwa rangi. Ni iliyotunzwa tu. Ina unyevu, haina vidonda, na mwenyewe analala vizuri na kula mboga na matunda.”

Alisisitiza jua kuliko yote. Tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ndipo lina makali. Wakati huo mtu akae kivulini, na asipoweza, avae kofia pana na mikono mirefu, na apake losheni ya kukinga jua. Mume wa Mama Pasi, aliyekuwa akipiga randa uani kichwa wazi, alicheka akasema hayo ni mambo ya wanawake. Sista alimuuliza kama kile kipara ni mbao. Tangu siku hiyo fundi alivaa kofia. Sista akamwambia pia kwamba kidonda kisichopona kwa mwezi, au alama ya ngozi inayokua na kubadilika, si ya kungojewa. Ni ya kuonyeshwa daktari.

Baada ya nusu mwaka mashavu ya Mwalimu yalitulia. Wekundu uliondoka, chunusi mbili tatu zilirudi, naye akaziacha zipite. Watoto walikuwa wamesahau habari ya chai. Sasa walimuuliza kwa nini ana miguu mikubwa.

Uso wa Mama Pasi haukuwasha tena kwa mvuke. Lakini wino ule wa mashavuni ulibaki. Daktari alimwambia kwa upole kwamba huenda ukafifia kidogo, ila usitegemewe kuondoka wote. Mama Pasi aliitikia. Alikwishalisema neno hilo kwa wateja wengi, nguo zao zikiwa mikononi, na sasa alijua linavyosikika kwa anayeambiwa.

Asubuhi moja alikuwa uani, kofia kichwani. Mume wake alikuwa anamjengea kivuli juu ya kamba. Nguzo nne zilikuwa zimesimama, lakini turubai lilikuwa limefunika kamba tatu tu. Zilizobaki tatu zilikuwa juani. Mama Pasi alianika shati kwenye nafasi ya mwisho ya kamba za kivuli, akabana vibanio. Ndani ya kapu yalikuwa yamebaki mashuka manne ambayo hayajaguswa maji. Alitazama jua. Saa nne ilikuwa imetimia.

Mkono ulimwenda kwenye kapu wenyewe, kama ulivyokwenda kwa miaka ishirini na sita. Aliurudisha.

Ilikuwa siku ya mapumziko, na Mwalimu alitoka ndani na kopo jeupe la mafuta ya kliniki. Alimketisha mama yake kwenye kigoda chini ya turubai, akachovya kidole.

“Lebo inasemaje?” Mama Pasi aliuliza.

Mwalimu alimsomea yote, polepole, hata tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha akampaka, kwanza shavu hili, halafu lile, kidole kikipita juu ya mabaka bila kusugua. Mama Pasi alifumba macho. Alikumbuka siku ambayo yeye ndiye alikuwa amesimama, na aliyeketi akimwamini ni mwanawe.

“Mama, mbona unalia? Inawasha?”

“Haiwashi.”

Juu yao fundi aliuliza kama apigilie msumari mwingine au ashuke kwanza. Mama Pasi alimwambia ashuke, jua limekuwa kali. Alivuta kapu lenye mashuka manne, akaliweka ukutani, akalifunika kwa gunia safi.

“Kesho alfajiri,” alisema.