Mkwe Aliyekimbia Uwanja wa Sinema

Saa nane na nusu mchana Mzee Polikarpi alitoka bandani, akasimama mlangoni na kutangaza kwamba globu ya projekta imeibiwa. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la marehemu, na pengine ndiyo maana kila aliyekuwa karibu alimsikia.

Ilikuwa Jumapili ya Agosti mwaka 1988, kahawa imeshavunwa na barabara ni vumbi tupu. Nyaishozi ilifurika watu. Polikarpi alikuwa amezunguka vijijini miaka mingi na gari la sinema, na alipostaafu akajenga nyuma ya nyumba yake kitu ambacho Karagwe haikuwahi kukiona: uwanja wa michezo uliotokana na sinema zote alizowahi kuonyesha. Palikuwa na treni ya mbao, ndege ya mabati chakavu na farasi mweupe wa pipa aliyening'inizwa kwa kamba. Ngome ya maharamia ilijengwa kwa magogo ya mikaratusi, na siku hiyo juu yake lilikuwa limeanikwa shuka kubwa jeupe lenye kingo nyeusi, ambalo watoto walikuwa wakipita chini yake mbio tangu asubuhi. Familia zilikuja na ndizi zao kwenye vikapu, zikapanda farasi, zikapigwa picha, zikala. Kilichosubiriwa hasa ni saa tisa, sinema yenyewe, ndani ya banda lililozibwa madirisha kwa mablanketi.

Sajini Deodatha wa kituo cha polisi Kayanga alikuwa ameketi kwenye behewa la treni na mumewe Athanasi, wakimenya mayai, watoto wao wawili wakicheza uwanjani. Alikuwa likizo. Alivaa kitenge, na alikuwa amemwahidi Athanasi kwamba siku hiyo hatamuuliza mtu yeyote swali. Ahadi yenyewe ilidumu mpaka yai la tatu.

"Nenda," Athanasi alisema. "Nikikuzuia utaniuliza mimi."

Deodatha alimkuta mzee pale pale mlangoni, amevaa koti zito licha ya jua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu." Aliitikia bila kutoa mkono. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni.

Waliingia. Banda lilikuwa na giza, mwanga ukiingia kupitia mlangoni tu. Projekta ilikuwa juu ya meza, kifuniko chake cha ubavuni kiko wazi. Deodatha aliegemeza kiganja juu ya bati lake ili ainame kuchungulia. Bati lilikuwa la baridi. Pa kukaa globu palikuwa patupu. Mbele, kwenye ukuta wa udongo, alihesabu misumari minne mikubwa, basi.

"Nieleze ilivyokuwa, mzee. Polepole."

"Niliwasha jenereta. Nikawasha projekta, nikanyoosha mwanga kwenye shuka mpaka ukakaa sawa. Nikazima, nikatoka kuongeza mafuta kwenye jenereta. Sikukaa hata muda wa kumaliza sigara. Kurudi, kifuniko wazi, globu hakuna. Na sina nyingine."

"Mlango wa nyuma nani alikuwa anaulinda?"

"Projest, yule kijana wa Ndama aliyeoa Kibingo. Nilimwajiri kwa siku ya leo."

"Ulimwona akiingia?"

Polikarpi aligeukia mlango wa nyuma. "Watu wamemwona akikimbia."

"Nimekuuliza wewe."

"Na mimi nilimwona," mzee alisema, akatazama chini.

Huko nje mambo yalikuwa yameshaharibika. Vijana wawili walikuwa wamemtoa Projest kwenye migomba, wakamfunga mikono kwa kamba ya bembea, na kundi lililowazunguka lilikuwa likijadiliana kama apigwe kwanza ndipo apelekwe, au apelekwe kwanza. Deodatha alijitambulisha. Waliocheka kitenge chake waliacha kucheka alipowaita wale vijana kwa majina ya baba zao. Alifungua kamba mwenyewe.

"Nionyeshe mikono," alimwambia Projest.

Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini hivi, mrefu, amevaa shati jeupe la kanisani ambalo sasa lilikuwa na madoa ya utomvu wa mgomba. Viganja vilikuwa vikavu na visafi, havina jeraha wala alama ya kuungua. Mifuko ilikuwa na ufunguo na kahawa chache za kutafuna.

"Ulikimbia?"

"Nilikimbia, afande."

"Ukikimbia nini?"

Projest alitazama umati, halafu akatazama pikapu iliyoegeshwa barabarani, halafu miguu yake. "Sikuiba," alisema.

"Hilo sijakuuliza. Ulikuwa unakimbia nini?"

Hakujibu. Kundi likaguna, na Deodatha alielewa kwamba kila dakika ya ule ukimya ilikuwa inamzamisha. Alimpeleka kando, nyuma ya ndege ya mabati, wakabaki wawili.

"Sasa hapa hakuna mtu. Sema."

"Mkwe wangu," Projest alisema kwa taabu. "Mama yake mke wangu. Walikuwa wanakuja kwa nyuma, wanawake watatu, wanaelekea chooni. Mimi nimekaa kwenye kile kigoda mlangoni, kushoto ukuta, kulia jenereta. Nikiinuka tunagongana uso kwa uso. Ningefanya nini? Nikaruka kwenye migomba."

"Mbona hukusema hivyo mbele za watu?"

"Nimtaje yeye na choo mbele ya kadamnasi?" Alimtazama Deodatha kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu. "Afadhali wanipige."

Deodatha hakubisha. Alikulia Ndama, na baba yake aliwahi kuingia mtoni na nguo zake za Pasaka ili bibi mzaa mama wa Deodatha apite darajani bila kukutana naye. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawapeani mkono. Vijana wa siku hizo walianza kulegeza, lakini si wa Kibingo, na si mbele ya mwanamke kama Kampire, mkwe wa Projest.

Kampire alikuwa ameketi kiti cha mbele cha ile pikapu, mgongo umenyooka, khanga imefunika kichwa. Nyuma ya gari alikaa bintiye Placidia, mke wa Projest, amempakata mtoto mchanga, na vikapu vyao viko miguuni. Dereva alikuwa bado anamalizia rubisi yake, pombe ya ndizi. Akimaliza, wanaondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kunizuia, gari ni la shemeji yangu na binti ni wangu. Tulikuja kutembea, watoto wafurahi. Sitamwacha kwa mwizi."

"Nimekuja kuuliza tu. Ulipokwenda nyuma ya banda, ulimwona mtu akikimbia?"

"Niliona mgongo. Nikajifunika uso, nikageuka."

"Ulijua ni nani?"

"Nilijua."

"Alikuwa ameshika kitu?"

"Siangalii mikono ya mkwe wangu."

"Basi, mama, unajua kwa nini alikimbia."

Kampire alifikiri. Hakuwa mwanamke mbaya, na swali lilimgusa. "Nilidhani ni heshima," alisema mwishowe. "Nikafurahi hata. Halafu nikasikia wanasema mwizi. Anayenikimbia kwa heshima na anayekimbia na mali ya mtu, mgongo ni ule ule. Na mwenyewe hakusema neno. Mtu asiye na hatia husema."

Placidia hakuinua macho. Alikuwa akimtikisa mtoto ambaye hakuwa analia.

Deodatha alirudi uwanjani akiwa na uzito moyoni. Alikuwa na sababu ya Projest kukimbia, lakini hakuwa na mwizi, na sababu peke yake isingemshusha yule binti garini. Watu nao walikuwa wameshapata jina lingine. Celestin, walimwambia. Mchoraji. Ametoka kugombana na mzee wiki nzima.

Celestin alipatikana chini ya ngome, brashi mkononi, na hasira alikuwa nayo kweli.

"Tuligombana, ndiyo. Nimemchorea simba pale getini, siku nne, mpaka ndevu. Kaja kampaka chokaa eti simba wa sinema hacheki. Nimeudhika. Lakini globu niipeleke wapi? Nyumbani kwangu nina koroboi."

"Tangu adhuhuri umekuwa wapi?"

"Hapa hapa, nalinda hili shuka. Aliniagiza nilipake kingo nyeusi ili picha ikae vizuri, na rangi ya mafuta haikauki upesi. Watoto wako wawili nimewafukuza mara kumi. Mtazame yule mdogo mgongoni."

Deodatha alimtazama mwanawe akipita mbio. Gauni lilikuwa na mstari mweusi.

"Na lilitakiwa kutundikwa bandani saa ngapi?"

"Likikauka. Bado halijakauka, si unaona? Halijaondoka hapa tangu asubuhi."

Deodatha alisimama pale muda, akiangalia shuka likicheza na upepo. Kisha alimwomba Celestin amfuate, akamwita na Athanasi, wakaingia bandani wote watatu. Mzee Polikarpi alikuwa ameketi peke yake kando ya projekta. Athanasi alifunga mlango, akabaki amesimama pale. Deodatha alifungua blanketi moja la dirishani ili waonane.

"Mzee, ulisema ulinyoosha mwanga kwenye shuka."

"Ndiyo."

"Shuka lipi?"

Polikarpi aligeuza kichwa kuelekea ukutani, kwenye misumari minne. Alikaa hivyo.

"Shuka liko juani tangu asubuhi," Deodatha alisema. "Wewe ndiye uliyeagiza lipakwe. Na hii projekta, mimi niliishika dakika chache baada ya wewe kutangaza. Unasema ilikuwa imetoka kuwaka. Wewe umefanya kazi hii maisha yako yote. Globu kama hiyo ikizimwa, bati lake linashikika?"

"Halishikiki," mzee alijibu. Mazoea ya kazi yalijibu kabla yake.

"Lilikuwa la baridi. Kwa hiyo leo haikuwaka kabisa. Na mtu angeichomoa ikiwa imetoka kuwaka angeungua, hata kwa kitambaa. Projest hana hata lengelenge." Alisogeza kigoda, akaketi mbele yake, magoti karibu yagusane. "Hukunipa mkono, mzee. Nimekuamkia kama baba yangu, hukunipa mkono. Utoe mfukoni."

Ilichukua muda. Mkono ulitoka na leso, na ndani ya leso mlikuwa na globu, kioo chake kimekuwa cheusi.

"Iliungua jana jioni," Polikarpi alisema. "Nilikuwa naijaribu. Nilimtuma mtu Bukoba alfajiri, akapiga simu misheni kwamba hakuna."

"Kwa nini hukusema tu?" Celestin aliuliza. Hasira yake ya simba ilikuwa imemwisha ghafla.

"Wewe hujawahi kusimama mbele ya watu elfu wanaosubiri picha ukawaambia haipo. Mimi nimewahi, mara moja, miaka ya nyuma, mashine iligoma. Walinicheka mpaka gari lilipopotea kilimani. Kijiji kile hadi leo wananiita Mzee Shuka Tupu." Alifuta uso kwa ile leso. "Leo wamekuja kutoka Kibingo, kutoka Ndama, na watoto wamevishwa viatu. Nikasema aliyeibiwa hachekwi na mtu, huonewa huruma. Sikumtaja Projest. Mtu alimtaja, mimi nikaitikia."

"Ukaitikia mara mbili. Ya pili uliniambia mimi."

"Nilikuambia."

"Unajua mke wake yuko kwenye gari?"

Polikarpi hakujua. Deodatha alimweleza, akaona uso wa mzee ukibadilika kweli kwa mara ya kwanza siku ile, na alimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja. Maelezo ya polisi yangeandikwa Kayanga Jumatatu. Lakini pikapu ilikuwa imeshawashwa.

Projest aliambiwa yote mlangoni. Alisikiliza akikunja mikono ya shati lake, mmoja baada ya mwingine.

"Unataka nimfunge?" Deodatha alimuuliza.

"Nataka aende kule garini," Projest alisema. "Mimi siwezi kujitetea kwa mkwe wangu. Siruhusiwi kumsemesha. Aliyenisemea uongo akanisemee na ukweli."

Mzee Polikarpi alitembea mbele ya watu wote, globu mkononi, mpaka kwenye dirisha la pikapu. Dereva alizima injini. Projest alipita kwa nyuma, akasimama kwenye mkia wa gari, amewapa mgongo, macho yake kwenye migomba. Mzee alisimulia hadithi nzima bila kujitetea, na watu waliosogea kusikiliza waliipata bila kuulizia. Wengine waliguna. Hakuna aliyecheka.

Kampire aliitazama ile globu nyeusi mkononi mwa mzee.

"Mwambie mkwe wangu," alisema mwishowe, "kwamba nilimhukumu kwa mgongo."

Umbali ulikuwa hatua chache, na Projest alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo alisubiri mpaka mzee azunguke gari na kumfikishia.

"Mwambie mkwe nimesikia, na namheshimu."

Polikarpi alirudi dirishani akafikisha. Kampire akajivuta khanga.

"Mwambie kwamba binti nilimpandisha mimi. Kama bado anamtaka, amshushe."

Mzee alizunguka tena, akihema. Safari hii Projest aligeuka nusu kumtazama mkewe.

"Mwambie mkwe kwamba Placidia ajibu mwenyewe," alisema. "Yeye sijawahi kumkimbia."

Polikarpi alifungua kinywa kwenda kufikisha, lakini Placidia alikuwa ameshasimama. Alishuka taratibu, mtoto kifuani, akaja upande wa mumewe.

"Nilipanda kwa sababu hukusema neno," alimwambia.

"Ningesema vipi? Mama yako alikuwa anasikia."

"Ungeniambia mimi," Placidia alisema. "Mimi ningemfikishia."

Projest alimtazama. Kisha alinyoosha mikono ndani ya pikapu, akavishusha vikapu vyao chini, kimoja kimoja.