Bibi Pili Haendi Kokote

Jamani, kaeni niwahadithie mambo ya nyumbani kwetu!

Hapa Newala maji ni shida. Ndoo ikifika nyumbani, kila tone lina kazi yake. Na ukija msimu wa korosho, watu wote tunaamkia shambani. Bibi yangu, Bibi Pili, alikuwa anabaki peke yake kitandani. Miguu haimbebi tangu mwaka jana.

Akikojoa kitandani, kufua shuka kunamaliza ndoo nzima. Basi Mama akaja na akili yake. Akampunguzia Bibi maji ya kunywa. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni.

"Asiyekunywa hakojoi," alisema. Na mimi niliyesoma hadi chuo, nikanyamaza!

Wiki ya pili Bibi akaanza kuniita Zuhura. Zuhura ni dada yake, alifariki zamani. Mchana kutwa analala tu. Majirani wakasema, "Ah, uzee huo."

Jumamosi akaja mjomba Alfani kutoka Masasi. Hata chai hakumaliza.

"Nimeamua," akasema. "Jumatatu mama yetu anakwenda makazi ya wazee. Kule wanaogeshwa, wanalishwa."

"Haendi," nikasema.

"Shakila! Unajibishana na mjomba wako?"

"Shikamoo, mjomba. Lakini haendi."

Nikatoka mbio kumwita dada Magdalena, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Alipofika akamsalimia Bibi. Bibi hakuitikia. Dada Magdalena akamtazama mdomoni. Ulimi mkavu kama ganda la korosho.

"Mkojo wake ukoje?"

"Mweusi, kama chai ya rangi," Mama akajibu.

"Anakunywa maji kiasi gani?"

Mama akainamisha kichwa. "Vikombe viwili kwa siku."

"Mama Shakila, huu sio uzee! Mzee akichanganyikiwa ghafla, ujue anaumwa. Maji yakipungua mwilini, akili inavurugika. Tena anaweza kupata ugonjwa wa mkojo. Hospitali, sasa hivi!"

"Sawa," mjomba akasema. "Lakini akitoka huko, anakwenda makazi."

"Kaka Alfani, makazi ya serikali ni ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Wakikuuliza kama ana watoto, utajibuje?"



"Atasema yeye mwenyewe amekufa," nikadakia. Mama akanifinya, lakini alikuwa anacheka.

Hospitali walimwekea dripu, wakampa na dawa. Siku ya nne Bibi akafumbua macho. "Shakila, mbona umekonda? Na wewe wanakunyima maji?"

Mama akalia. Mimi nikaruka!

Tuliporudi nyumbani, dada Magdalena akaja kutufundisha.

"Mpeni maji kidogo kidogo mchana kutwa, labda daktari aseme vingine. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya kulala. Tazameni kiuno, makalio na visigino. Mkiona ngozi imebadilika rangi au ina joto, msisugue, na msimlaze upande huo. Niiteni."

"Na shuka?" Mama akauliza.

"Kata khanga kuukuu, kunja vipande vinene. Chini tandika nailoni, juu yake shuka, halafu kipande. Kikilowa unafua kipande tu, shuka linabaki kavu. Na asiachwe peke yake, hata msimu wa korosho. Pangeni zamu."

"Zamu?" mjomba akashtuka. "Mimi mwanaume nimwogeshe mama yangu?"

"Nani kakwambia umwogeshe? Hiyo kazi ya binti yake. Wewe mlishe, mnyweshe, uteke maji. Au mikono yako inafaa kubebea korosho tu?"

Tukapanga zamu. Jumamosi ya mjomba. Wiki ya kwanza alinuna. Ya pili akapika uji, ukaungua. Ya tatu Bibi akamaliza bakuli zima. Kidonda hana hata kimoja, na mimi ananiita jina langu!

Juzi majirani wamejaa barazani, Bibi kaegemea mito. Mjomba akaja na kikombe cha maji.

"Alfani," Bibi akaita. "Unanihamisha lini?"

"Hakuna anayekuhamisha, Mama."

"Sijasikia."

Mjomba akapaza sauti hadi kuku wakakimbia. "Huendi kokote, Mama! Hapa ndio kwako!"

Bibi akanywa maji yote, akamrudishia kikombe.

"Nilisikia tangu mwanzo," akasema. "Nilitaka na hawa wasikie."