Kiu ya Adhuhuri

Mtungi ulikuwa mtupu, na Sabaha alikuwa ameujaza mwenyewe alfajiri. Aliinama akachungulia ndani, akapapasa mpaka chini, akaambulia udongo baridi. Wezi wa Kariakoo aliwajua vizuri: wanaanua kanga kambani, wanabeba sufuria na mboga yake ikitokota. Lakini mwizi wa maji ya kunywa, tena anayeirudisha kata juu ya kifuniko kwa adabu? Huyo alikuwa mgeni mjini.

Ulikuwa mwaka wa kipindupindu. Vitumbua vya barabarani vilikuwa vimepigwa marufuku, kwa hiyo Sabaha, aliyekuwa akiviuza, alishinda nyumbani, katika chumba chake kimoja cha kupanga nyuma ya Msimbazi, akimsubiri mumewe. Nassibu, hamali wa sokoni, mtu wa Masasi, alikamatwa kwenye msako wa wasio na vitambulisho vya kazi. Watu wa kusini na wa ng'ambo ya Ruvuma ndio waliozolewa zaidi, eti wao wameleta maradhi. Walifungiwa kwenye ghala moja kuukuu, na kila Sabaha alipopeleka chakula, walinzi walimfukuza kabla hajalikaribia geti. Siku moja akakuta ghala liko wazi, sakafu imemwagwa chokaa, watu hamna. Alimuuliza kila aliyekuwa na sare. Hakuna aliyemwambia kama mumewe yu hai.

Kesho yake baada ya kuukuta mtungi mtupu, jua lilipofika utosini, wapangaji wenzake wakiwa makazini, alisikia kata ikikwaruza mtungi huko uani. Ikanyamaza. Ikakwaruza tena, kwa pupa, na baada yake mlio wa koo linalogugumia. Harufu ya chokaa ikapenya chini ya mlango. Sabaha alifungua, hakuona mtu, aliona nyayo mbichi tu kwenye saruji, zikitoka mtungini kwenda ukutani, wa kulia unyayo mzima, wa kushoto vidole peke yake, na jua kali lile lililokausha dagaa kwa nusu saa halikuzikausha nyayo zile hata alipokuwa amesimama pale mpaka miguu yake mwenyewe ikaanza kuungua.

Evarista, Mchaga wa chumba cha pili mwenye cherehani, alikuwa akiwacheka Waswahili na majini yao. Siku aliyobaki nyumbani akaisikia kata mwenyewe, kicheko kikamwisha.

"Dada Sabaha," alinong'ona, "hizo nyayo siyo za mumeo?"

"Siyo. Nassibu anakanyaga miguu yote miwili."

Hapo ndipo walipokwenda kumwita Maalim Shaibu, mzee aliyesifika Ilala nzima kwa kutoa majini. Maalim alinusa hewa ya uani, akatikisa kichwa. Alisema jini hilo limekalia nafasi ya Nassibu, na likiendelea kukaa, mwenyewe hatapata njia ya kurudi. Sabaha akamuuliza afanye nini.

"Linyime maji," alisema Maalim. "Mtungi uuvunje kwa mkono wako."

Wakangoja adhuhuri, Sabaha ameshika mchi. Maalim alifukiza ubani, akasoma, akaliamuru litaje jina na dini yake. Kata ikaacha kukwaruza. Kisha, kutoka pembeni pale pasipokuwa na mtu, ikatoka sauti kavu ya kijana, haikumjibu Maalim, ilimwelekea Sabaha peke yake.

"Shemeji," ilisema. "Maji kidogo tu, shemeji."

Sabaha aliushusha mchi. Jini gani linamwita mtu shemeji? Maalim akamwonya kwamba wale wana maneno matamu, asidanganyike. Sabaha alimfikiria Nassibu, akafumba macho, akapiga, na mtungi ukapasuka, maji yakatapakaa uani yakikimbilia mferejini, na juu ya maji yale ikasikika pumzi ya mtu anayelamba sakafu, halafu mguu ukiburutwa polepole kupitia ukumbini, ukielekea mlango wa barabarani, ukisimama kila hatua kama anayetumaini kuitwa. Hakuitwa. Toka siku hiyo uani pakawa kimya, na Sabaha akalala usingizi.

Mvua za masika zilipoanza, Nassibu akarudi. Amekonda, viganja vimejaa malengelenge ya jembe, lakini mzima. Sabaha alilia kwa furaha, akamwombea dua Maalim. Alipokwisha kula, Nassibu alimsimulia kwamba walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kijiji cha mbali wakalime, na wagonjwa wakaachwa ghalani. Wagonjwa wale, alisema, walinzi waliwanyima maji, kwa kuamini kuwa maji ndiyo yanayozidisha kuhara. Watu walikufa wakilamba kuta.

Kisha akatazama uani, akaona mtungi haupo.

"Hakuja hapa kijana mmoja?" aliuliza. "Bakili, wa ng'ambo ya Ruvuma. Anachechemea mguu wa kushoto. Nilimwacha mle ndani amelala, haamki. Hakuwa na ndugu hapa mjini, nilikuwa nimemwelekeza kwetu kabla hajazidiwa. Nikamwambia ukitoka nenda, shemeji yako ana mtungi wa maji baridi, atakupa unywe mpaka ukinai."

Sabaha alishika kizingiti. Bakili hakutoka mle ghalani akiwa hai. Alikuja amekwisha kufa, kwa kuwa hapakuwa na nyumba nyingine aliyoijua.

"Alikuja," alisema.

Nassibu akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Ulimpa maji?"

Alimweleza yote, na usiku ule hawakulala. Asubuhi Sabaha alikwenda sokoni akanunua mtungi mpya, akaujaza mpaka mdomoni, akaweka na kata. Adhuhuri akafungua mlango wa barabarani na wa uani, akaketi ukumbini, akaita.

"Bakili. Shemeji, karibu maji."

Aliita hivyo kila siku, majirani wakasema Sabaha kaingiwa na jini. Jioni aliinua kifuniko kutazama. Maji yalikuwa palepale mdomoni.