Shangazi Alimtilia Mdogo Wangu Karanga

Nina umri wa miaka ishirini na tatu, naishi huku juu milimani, wilaya ya Lushoto. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha pili ili niwalee wadogo zangu wawili, Elia na Upendo. Kulima nimelima, kuchota maji nimechota, sikuwahi kulalamika. Ila hili la Upendo limenishinda, wasomaji wenzangu!

Upendo ana miaka sita, na karanga kwake ni sumu. Niligundua siku nilipompa uji wa lishe wenye karanga kama wanaopewa watoto wote. Midomo ikavimba, pumzi zikabana... Daktari akanionya asionje tena, hata punje.

Lakini huku kwetu mtoto asipokula karanga atapata wapi nguvu? Nilihangaika! Nikajifunza kumsagia dagaa kwenye uji, kumpondea parachichi, kumchemshia maharage mpaka yalainike. Mbegu za maboga nilizikaanga, nikazitwanga, nikaungia mchicha. Nilinunua na kinu changu, maana vinu vya majirani vyote hutwangiwa karanga. Taratibu mashavu yakajaa. Nilifurahi jinsi gani!

Kisha ukafika ubarikio wa Elia, yaani kipaimara chake. Shangazi, dada wa marehemu baba, alipanda kutoka Vuga kuja kusimamia mapishi. Nilimpa shikamoo, nikamwonyesha hotipoti yenye chakula cha Upendo, nikamwomba isiguswe.

Alicheka. "Mtoto gani wa Kishambaa hali karanga? Unamdekeza, mama! Ukiolewa, nani atamtwangia hayo mambegu yako?"

Niliifunika hotipoti, nikaiacha jikoni. Ningebishanaje na mtu aliyesimamia mazishi ya wazazi wetu?

Tuliporudi kutoka kanisani nilimpakulia Upendo kutoka hotipoti yake, akala kwa raha. Ndipo shangazi akapiga kigelegele, akawaita wanawake wa jikoni.

"Njooni mwone! Nimemchanganyia karanga humo humo. Mbona hajafa?"

Hakumaliza kucheka. Upendo alishika shingo.

"Dada... koo..."

Nilimbeba, tukapanda pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha, njia yote utelezi, na kila kona nilimsikia akivuta pumzi kama anayekabwa. Niliita jina lake tu. Nini kingine ningefanya? Hospitali walimwahi. Mungu ni mwema!

Shangazi alilia sana pale wodini, akasema alitaka kunipunguzia mzigo. Mzigo? Nani alimwambia Upendo ni mzigo?

Mngedhani yameishia hapo... Hapana! Tangu siku hiyo Upendo hagusi chakula changu. Anakula ndizi anayoimenya mwenyewe na yai analolivunja mwenyewe, basi. Mashavu yamekwisha, gauni linamvuka mabegani.

Juzi nilimpikia mchicha wa mbegu za maboga, aliokuwa akiupenda kuliko vyote. Nikaonja mbele yake, nikameza, nikamfungulia mdomo aone.

Aliisukuma sahani. "Wewe karanga hazikudhuru, dada."

Nilitoka nje nikalia.

Ndugu zangu, mzazi au mlezi akikuambia chakula fulani kinamdhuru mtoto wake, usimjaribu mtoto huyo kwa siri! Nanyi mnaolea, msikae kimya kwa sababu anayewacheka ni mkubwa wenu. Mimi nilimheshimu shangazi, na anayelala na njaa ni Upendo.