Macho ya Mwenye Upanga

Rafiki yangu Mourine hukarabati vitabu vikuukuu katika jumba la makumbusho huko Lamu. Siku moja aliletewa kitabu cha ngozi chenye picha za dhahabu, maisha ya mtakatifu aliyekatwa kichwa. Katika picha moja, muuaji ameinua upanga, lakini macho yake yametobolewa kwa msumari.

"Mato hayo yawate, Bi Mourine," alimwonya Thuwaiba, mwenzake wa kazi, asije akayagusa macho hayo.

Mourine akacheka, akachora jicho moja. Umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha, giza totoro.

Whuu! Kama upanga ukikata hewa. Lipu ikaporomoka ukutani. Whuu! Kabati likapasuka. Akajitupa chini ya meza, akasikia kiti chake kikipasuliwa.

Umeme uliporudi alitoa kichwa, akachungulia ukurasani. Jicho la pili, ambalo hakulichora, lilikuwa wazi, rangi bado mbichi. Lilitazama chini ya meza.